Sumu ya Koboko na Protini Zinazoamua Mwendo wa Neva

Msimu wa korosho Nachingwea na Ruangwa huanzia chini ya mti. Mabibo yakishaanza kuanguka, mwokotaji huinama, hupekua majani makavu kwa mkono, hutenganisha korosho na bibo lake na kuitia ndooni. Ndani ya majani hayo hulala kifutu, mnene na mvivu, rangi yake haitofautiani na takataka za shambani. Juu, kwenye matawi ya mkorosho au mwembe, anaweza kuwapo koboko wa kijani, nyoka wa ukanda wa pwani kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Porini zaidi, kwenye vichuguu na magogo yenye mapango, yupo koboko mweusi, anayeogopwa kuliko wote, na hofu hiyo ni ya haki.

Anayeumwa na kifutu huvimba. Mguu unajaa, ngozi inatoa malengelenge, nyama inaweza kuoza, na maumivu hayamwachi mtu alale. Kwa koboko, hasa yule mweusi, hali ni nyingine kabisa. Alama za meno zinaweza kuwa ndogo kiasi cha kudharauliwa. Muda si mrefu midomo inakufa ganzi na kuchonyota, kope zinacheza zenyewe, misuli inatetemeka chini ya ngozi, jasho na mate vinatoka bila mpango. Baadaye nguvu zinaisha, kope zinashuka na pumzi inakuwa fupi. Asiyejua anaweza kudhani mgonjwa ameshikwa na degedege.

Mtetemeko huo wa mwanzo ndio unaonishughulisha hapa. Kwa kuufuatilia, wanasayansi walikuja kujua jambo lililokuwa limejificha ndani ya ubongo wa kila mmoja wetu: kwamba vitundu vinavyopitisha umeme wa neva havifanyi kazi peke yake, vina protini nyingine zinazoambatana navyo, na mara nyingi ni hizo zinazoamua neva itulie au iwake. Nyoka wa pwani yetu ana mchango mkubwa katika elimu hiyo kuliko watu wengi wa Lindi wanavyojua.

Tuanze na umeme wenyewe. Seli ya neva hupeleka ujumbe kwa kupitisha ioni, yaani chembe zenye chaji za sodiamu, potasiamu na kalsiamu, kwenye utando unaoizunguka. Ioni hazipenyi utando popote zinapotaka. Hupita kwenye vitundu vilivyojengwa kwa protini, ambavyo nitaviita vijia vya ioni. Sodiamu ikiingia, neva inawaka. Potasiamu ikitoka, inatulia na kuwa tayari kwa ujumbe unaofuata. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walipima mwendo huo kwenye neva nene ya ngisi, wakachapisha hesabu zake mwaka 1952, na mwaka 1963 wakawa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel. Lakini walipima umeme tu. Protini yenyewe hakuna aliyekuwa ameishika mkononi.

Kuishika kulikuwa kugumu kwa sababu vijia vya aina moja ni vichache mno kati ya maelfu ya protini za ubongo. Ilitakiwa kitu kinachong'ang'ania kijia kimoja na kuacha vingine vyote. Kitu cha namna hiyo hakikutengenezwa maabara, kilipatikana kwenye meno ya nyoka. Sumu ya nyoka wa jamii ya krait, iliyotengwa Taiwan, ilikwisha kutumika kukamata kipokezi cha asetilikolini, kemikali ambayo neva huitoa ili msuli ukaze. Kwa vijia vya potasiamu, zamu ilikuwa ya koboko.

Mwaka 1980 Alan Harvey wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, pamoja na Evert Karlsson wa Uppsala, Uswidi, walitangaza kwamba wametenga protini ndogo kutoka sumu ya koboko wa kijani wa mashariki, yule yule anayeishi kwenye miembe na mikorosho ya pwani. Waliiita dendrotoksini, kutokana na jina la kisayansi la jamii ya koboko, Dendroaspis. Walichokiona ni kwamba ikifika kwenye neva ya msuli, neva hiyo humwaga asetilikolini nyingi kupita kiasi. Miaka michache baadaye sababu ikajulikana: dendrotoksini huziba vijia fulani vya potasiamu, na kwa kuwa potasiamu haitoki, neva inashindwa kutulia. Inaendelea kuamuru msuli ukaze hata pasipo agizo. Hapo ndipo kope zinapocheza.

Koboko haishii hapo. Sumu yake ina protini nyingine, fasikulini, inayozuia kimeng'enya cha kuvunja asetilikolini. Kwa hiyo neva inamwaga kupita kiasi, na kinachotakiwa kusafisha kimefungwa mikono. Koboko mweusi anaongeza sumu za aina ya tatu, zinazokaa kwenye vipokezi vya msuli wenyewe na kuulegeza, ukiwemo msuli wa kupumulia. Ndiyo maana mgonjwa huanza kwa kutetemeka na kuishia kukosa pumzi.

Ukanda huu, kwa kupita, una historia ya kupeleka nyoka nje. C. J. P. Ionides, bwana nyama wa serikali ya kikoloni, aliishi miaka mingi Liwale, jirani na Nachingwea, akakamata nyoka kwa maelfu, wakiwemo koboko wa kijani wa Newala, na wengi wao wakaishia kwenye bustani za wanyama na maabara. Alifariki mwaka 1968, miaka 12 kabla ya dendrotoksini kupewa jina. Nyoka wa kusini walisafiri mapema. Elimu iliyotokana na jamaa zao bado iko njiani kurudi.

Turudi maabara. Oliver Dolly na wenzake London walitumia dendrotoksini kama chambo. Waliyeyusha utando wa ubongo wa ng'ombe kwa sabuni laini, wakaupitisha kwenye sumu iliyobanwa, na kilichonasa wakakipima. Kilichonasa kilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, kubwa, ndiyo kijia chenyewe. Ya pili, yenye uzito wa nusu hivi ya ile ya kwanza, haikuwa tundu la kupitisha kitu chochote. Kila kijia kilipovutwa, nayo ilikuja. Mwaka 1994 mpangilio wa protini hiyo ulichapishwa na ikaitwa kipande cha beta.

Kazi yake ikajulikana mwaka huo huo. Kuna aina ya beta yenye mkia, na mkia huo huingia kwenye tundu la kijia kwa ndani mara tu linapofunguka, kama kizibo kinachoning'inia kwa uzi kwenye shingo ya chupa. Kijia ambacho kikiwa peke yake kingebaki wazi, kikiwa na beta kinajifunga haraka. Maana yake, kijia kile kile, kilichojengwa kwa jeni ile ile, kinaweza kuwa na tabia mbili tofauti kwa kutegemea kinaambatana na nani. Kwa maoni yangu huu ndio ugunduzi mkubwa kuliko sumu yenyewe, ingawa ni sumu inayosimuliwa zaidi. Roderick MacKinnon wa New York na wenzake walipochapisha mwaka 2005 picha ya kina ya kijia cha potasiamu cha panya, walikipiga picha kikiwa na kipande cha beta kimekaa chini yake.

Beta hukaa ndani ya seli. Nje ya seli kuna protini nyingine, LGI1, iliyojulikana kwanza kwa njia ya ugonjwa: mwaka 2002 iligundulika kwamba jeni yake ikiharibika, ukoo mzima unaweza kurithi aina ya kifafa ambacho mara nyingi huanza kwa mgonjwa kusikia sauti zisizokuwapo. Kwa miaka kadhaa haikueleweka jeni hiyo inahusiana vipi na umeme wa neva, kwa sababu LGI1 si kijia cha ioni. Mwaka 2006 utafiti wa Wajerumani ulionyesha kwamba LGI1 iko kwenye fungu moja na kijia cha potasiamu, na kwamba inazuia ule mkia wa beta usizibe tundu. Wenza wawili wa kijia kimoja: mmoja anafunga, mwingine anamzuia asifunge. Yule wa pili akikosekana, potasiamu haitoki ya kutosha, neva inabaki kuwaka, na mtu anaanguka kifafa. Matokeo yake yanafanana, kwa umbali, na kazi ya dendrotoksini, ila hapa hakuna nyoka.

Sumu ya koboko ikaingia hospitalini kwa mlango mwingine. Mwaka 1961 Hyam Isaacs, daktari wa Johannesburg, alieleza wagonjwa ambao misuli yao haikutulia hata usingizini. Miaka ya 1990, Angela Vincent na wenzake wa Oxford walishuku kwamba kinga ya mwili ya wagonjwa wa namna hiyo inashambulia vijia vya potasiamu. Wakatengeneza kipimo: dendrotoksini iliyotiwa iodini yenye mnururisho inashikamana na vijia vilivyotolewa ubongoni, kisha damu ya mgonjwa inaongezwa. Kama damu ina kingamwili dhidi ya vijia, vijia vitaanguka chini pamoja na mnururisho, na mashine itahesabu. Kipimo kilifanya kazi. Kikawabaini pia watu wazima waliopoteza kumbukumbu ghafla, wenye kifafa kipya na kuchanganyikiwa, ambao hapo awali wangepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Wengi walipopewa dawa za kutuliza kinga walipata nafuu.

Mwaka 2010 jambo likageuka. Timu mbili, moja ikiwa ya Oxford yenyewe, zilionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi kingamwili hizo hazikigusi kijia cha potasiamu. Zinashika LGI1, au protini nyingine iitwayo CASPR2 inayosaidia kuviweka vijia mahali pake kwenye neva. Kipimo kilidanganya kwa sababu ile ile iliyokifanya kiwe na manufaa. Sabuni laini ilikuwa imetoa kijia pamoja na wenza wake wote, na aliyemshika mwenza alivuta fungu zima. Siku hizi kinachotafutwa ni kingamwili dhidi ya LGI1 na CASPR2 moja kwa moja, na jibu la kipimo cha zamani pasipo hizo mbili halipewi uzito.

Je, haya yametuhusu sisi kwa namna yoyote nje ya kuumwa na nyoka? Yametuhusu. Ukitoka Liwale na kuvuka misitu ya iliyokuwa Selous kuelekea kaskazini-magharibi, unafika Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kueleza watoto wanaotikisa vichwa kwa kuinama mfululizo. Ugonjwa huo wa kutikisa kichwa umeonekana pia Uganda na Sudan Kusini. Watafiti, akiwemo William Matuja wa Dar es Salaam, walipima wagonjwa wachache wa Mahenge kuona kama wana kingamwili dhidi ya fungu la kijia cha potasiamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuunga mkono wazo hilo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani na wenzao wakaelekeza kidole kwingine, kwenye kingamwili zinazoamshwa na minyoo ya usubi na kushika protini ya neva isiyokuwa ya vijia. Jibu la hapana nalo ni jibu, na ni vizuri kwamba lilitafutwa kwa damu ya Watanzania badala ya kukisiwa kutoka Ulaya.

Kilifi, pwani ya Kenya, kulifanyika kazi nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwakuta watoto wenye malaria wakiwa na kingamwili dhidi ya vijia vya kalsiamu, na kiwango kilipanda kadiri malaria ilivyokuwa kali. Hilo peke yake halithibitishi kwamba kingamwili hizo ndizo zinazoleta degedege la malaria. Linaonyesha tu kwamba kinga iliyotikiswa na vimelea inaweza kugeukia protini za neva.

Kwenye dawa, tofauti kati ya kijia na mwenza wake imekwisha kuwa jambo la kila siku. Fenitoini na karbamazepini, anazopewa mgonjwa wa kifafa, hukaa kwenye kijia cha sodiamu chenyewe. Gabapentini, anayoandikiwa mwenye kisukari miguu inapowaka moto usiku, haigusi tundu lolote. Mwaka 1996 ilijulikana kwamba inashika protini mwenza wa kijia cha kalsiamu na, kwa kupitia huyo, kupunguza kelele za neva za maumivu. Walioitengeneza walikuwa wakilenga kitu kingine kabisa. Na koboko mweusi naye ana la kuchangia: mwaka 2012 Wafaransa walitangaza katika jarida la Nature protini mbili kutoka sumu yake, mambalgini, zinazofunga vijia vinavyohisi asidi na kutuliza maumivu kwa panya kwa nguvu inayokaribia ya mofini, bila kupunguza pumzi. Hadi sasa si dawa ya binadamu, na asitokee mtu sokoni akakuuzia mafuta ya koboko kwa kisingizio hicho.

Hata bomba la mkulima linahusika. Dawa za jamii ya pairethroidi anazopuliza dhidi ya mbu wa mikorosho, na zile zilizomo kwenye vyandarua, huua kwa kukizuia kijia cha sodiamu cha mdudu kisijifunge. Kijia hicho nacho kina mwenza wake. Katika inzi anaitwa TipE na alitambuliwa mwaka 1995. Baadhi ya mbu wa malaria wanaostahimili dawa wamebadili herufi moja tu ya protini ya kijia, na badiliko la Afrika Mashariki liliripotiwa kwanza Kenya mwaka 2000. Hilo ni somo la siku nyingine.

Sasa twende kwenye swali analouliza mwokotaji wa korosho: elimu yote hii inamsaidia nini yeye? Jibu la kweli ni kwamba mpaka sasa imewasaidia wengine zaidi. Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka bado hutengenezwa kwa namna ile ile ya miaka ya 1890: farasi anadungwa sumu kidogo kidogo, damu yake inachukuliwa, kingamwili zinatengwa. Dendrotoksini ni protini ndogo mno, na protini ndogo haziamshi kinga ya farasi vizuri, hivyo mgonjwa wa koboko huhitaji chupa nyingi. Kampuni ya Sanofi ilisimamisha kutengeneza Fav-Afrique mwaka 2014 kwa sababu haikuwa na faida, na shehena ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Takwimu hizo ni pana hivyo kwa sababu wengi wa wanaokufa hawafiki mahali pa kuhesabiwa.

Njia mpya inatoka palepale kwenye protini. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Andreas Laustsen wa Denmark walitengeneza kingamwili za kibinadamu zinazokamata dendrotoksini za koboko mweusi na kuwalinda panya, bila farasi. Mwaka 2025 kundi hilo lilichapisha mchanganyiko wa kingamwili ndogo nane, zenye asili ya wanyama wa jamii ya ngamia, uliowakinga panya dhidi ya sumu za spishi 17 za fira, koboko na jamaa zao wa Afrika. Ni kazi nzuri. Lakini ni panya, na kati ya panya wa Denmark na hospitali ya wilaya kuna miaka mingi na pesa nyingi.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji kusubiri, nalo linatokana na sayansi hii hii. Dendrotoksini haiui seli ya neva, huishika tu. Sumu zinazolegeza msuli nazo huachia baada ya muda. Mgonjwa wa koboko hufa kwa kukosa pumzi, na akipumuliwa kwa mashine au hata kwa mfuko wa mkono mpaka sumu ipungue, anaweza kurudi akiwa mzima. Kwa hiyo kumchanja kwa wembe, kumnyonya jeraha, kumkaza kamba au kumbandika jiwe jeusi ni kupoteza saa anayoihitaji. Kiungo kilichoumwa kisitikiswe, kifungwe kwenye kijiti kama kilichovunjika, bodaboda iitwe, na anayempeleka aseme waziwazi kama mgonjwa anavimba au anatetemeka, kwa kuwa maneno hayo mawili humwambia mganga wa zamu aina ya sumu kabla ya kipimo chochote.

Kila kilo ya korosho inayopita kwenye minada ya RUNALI, ushirika wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hukatwa ushuru wa mazao wa asilimia 3 kwa ajili ya halmashauri. Bajeti ikisomwa mwaka huu, muulize diwani wako maswali mawili: chupa ngapi za dawa ya sumu ya nyoka zitakuwapo hospitali ya wilaya ifikapo Septemba, na mashine ngapi za kupumulia zinafanya kazi.